Kabla ya kununua hisa za kituo cha ski

Muuzaji wa hisa za kituo cha ski, yaani cha mchezo wa kuteleza kwenye theluji mlimani, atakutangulizia picha. Ziweke kando, uombe rekodi za halijoto na theluji za miaka ishirini au zaidi. Akianza kubabaika, mimi huaga.

Ukizipata, tafuta misimu iliyokuwa na theluji ya sentimita 30 au zaidi kwa siku 100. Ndicho kipimo ambacho OECD, shirika la uchumi la nchi tajiri, ilikitumia mwaka 2007 kwa maeneo 666 ya ski ya milima ya Alpi, Ulaya. Yaliyofaulu yalikuwa 609. Joto likipanda nyuzi 1 yangebaki 500. Likipanda nyuzi 4, 202 tu. Hesabu hiyo ni ya theluji inayoanguka yenyewe, bila mashine za kuitengeneza.

Kila nyuzi moja husogeza mpaka wa theluji juu kwa takriban mita 150. Kwa hiyo usikipime kituo peke yake, kipime na jirani zake. Kilicho juu ya wenzake kidogo tu kinaweza kurithi wateja wao wakifunga, hata kama theluji yake nayo inapungua. Ila usilewe urefu: kituo cha Chacaltaya cha Bolivia kilikuwa juu ya mita 5,000, na barafuto yake, yaani barafu ya kudumu ya mlimani, ilikwisha mwaka 2009.

Sasa mashine za theluji. Usihesabu mashine, hesabu saa za baridi. Mashine zinahitaji takriban nyuzi 2 chini ya sifuri kwenye kipimajoto kilichofungwa kitambaa kibichi, si kile kikavu cha ukutani. Hewa kavu ya nyuzi sifuri inaweza kutoa theluji pale ambapo hewa yenye ukungu, baridi zaidi, inashindwa. Uliza Novemba na Desemba zina saa ngapi za namna hiyo, maana mapato ya Krismasi yakipotea hayafidiwi na Machi.

Kisha maji. Mita moja ya ujazo ya maji hutoa zaidi kidogo ya mita mbili za ujazo za theluji. Kufunika hekta moja kwa sentimita 30 unahitaji kati ya mita za ujazo 1,200 na 1,500, kabla ya kinachopeperushwa na upepo. Zidisha kwa hekta za njia kuu za kuteleza, ulinganishe na bwawa lao, na uulize pampu zinaweza kumaliza kazi hiyo kwa masiku mangapi. Mimi natafuta matatu au manne. Baridi siku hizi haikai.

Mapato ya kiangazi yapo, kituo cha Whistler cha Kanada kimejijenga kwa baiskeli za mlimani, lakini dai tarakimu zilizokwishaingia kwenye vitabu, si michoro.

Mwisho, uliza mkopo wa lifti za kuwapandisha wateja mlimani unaisha mwaka gani. Lifti hulipiwa kwa miongo. Kwa mwendo wa rekodi ulizosoma, siku 100 zikikoma kabla ya mkopo, dai bei ishuke au uwaachie hisa zao.