Somo: Bima ya utunzaji wa uzeeni kwa sisi tulioajiriwa na serikali ya Marekani

Wengi wetu tulianza maisha Marekani kwa kuosha wazee. Tunacheka tukisimuliana, lakini kazi ile ilituonyesha jambo ambalo mawakala wa bima hulizungukazunguka: kinachomaliza akiba ya mzee mara nyingi si upasuaji, ni malipo ya mtu wa kumwamsha, kumwogesha na kumlisha, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Sasa baadhi yetu tuko posta, hospitali za wanajeshi wastaafu, viwanja vya ndege. Kila msimu wa kuchagua bima napigiwa simu: niichukue ile ya utunzaji wa muda mrefu au niiache? Katika kikao cha chama niliombwa niliandike, basi hili hapa.

Hatua ya 1: Angalia kama mlango uko wazi

Bima yenyewe inaitwa FLTCIP, yaani mpango wa bima ya utunzaji wa muda mrefu kwa watumishi wa serikali kuu ya Marekani. Sheria yake ilipita mwaka 2000, watu wakaanza kujiunga 2002. Msimamizi ni OPM, ofisi ya utumishi ya serikali kuu, na anayebeba hatari ni kampuni ya John Hancock. Tofauti na bima ya afya, hapa mwajiri hachangii hata senti. Ada yote inatoka mfukoni mwako.

Tangu tarehe 19 Desemba 2022 maombi mapya yamesimamishwa. Kwanza ilikuwa miaka miwili, ikaongezwa miwili mingine hadi 19 Desemba 2026. Sababu ni kwamba bei za zamani zilikadiriwa chini mno: watu wanaishi muda mrefu zaidi, na gharama za utunzaji zimepanda. Kwa hiyo kama hukuwa ndani, usipoteze usiku kulinganisha mipango ya FLTCIP. Ruka hadi hatua ya 5.

Hatua ya 2: Jua nani hatalipa

Hapa ndipo wengi huanguka. Bima yako ya afya ya kazini, iwe FEHB ya watumishi wa serikali kuu au PSHB kwa watu wa posta, hulipa daktari, dawa na kitanda cha hospitali. Hailipi mtu wa kukuvalisha nguo kila asubuhi.

Medicare, bima ya afya ya serikali hasa kwa wenye miaka 65 na zaidi, nayo hulipa kituo cha uuguzi hadi siku 100 tu, 20 za kwanza bila wewe kuchangia. Masharti yake ni uwe umelazwa hospitali siku tatu, na uhitaji wauguzi au mazoezi ya kitaalamu. Ukiwekwa hospitali "kwa uangalizi", siku hizo hazihesabiki hata kama ulilala kitanda kilekile. Muulize daktari siku hiyohiyo, usingoje bili.

Medicaid, msaada wa serikali wa matibabu kwa wasio na uwezo, hulipa makao ya wazee, ila mpaka uwe huna kitu. Majimbo mengi yanataka mtu asiye na mwenzi abaki na dola 2,000 tu. Tena wanapekua miaka mitano nyuma: ulimpa nani pesa, na kwa nini? Sasa tujiulize sisi tunaotuma nyumbani kila mwezi, tunaojenga kwa jina la kaka. Zawadi ya namna hiyo inaweza kukucheleweshea msaada kwa miezi. Na kiwanja cha Kigamboni au Kitengela ni mali. Hakijifichi kwa kuwa kiko ng'ambo. Kabla ya kuhamisha chochote, kaa na mwanasheria wa mambo ya wazee wa jimbo lako.

Hatua ya 3: Piga hesabu kwa kalamu

Kwa takwimu za 2024, chumba cha watu wawili katika makao ya uuguzi kilikuwa kama dola 111,000 kwa mwaka, bei ya kati ya nchi nzima. Hiyo ni zaidi ya 300 kwa siku.

Chukua bima inayokulipia hadi dola 150 kwa siku kwa miaka mitatu. Zidisha kwa siku 1,095 unapata 164,250. Mara nyingi fedha hizo ni kama mtungi: ukichota 100 kwa siku badala ya 150, utakufikisha miaka minne na nusu. Hapo mtu wa kuja nyumbani saa chache anawezekana. Kwa makao ya uuguzi haitoshi.

Halafu kuna siku za kusubiri, kwa kawaida 90, ambazo unajilipia mwenyewe. Kwa bei ile ya makao ya uuguzi ni dola elfu 27 na ushee. Kama huna akiba hiyo, bima itakukuta umeshakopa.

Kinga ya mfumuko wa bei, yaani malipo ya bima kukua kila mwaka, nayo usiipuuze. Bei zikipanda asilimia 3 kwa mwaka, dola 150 zisizokua zitanunua baada ya miaka 20 kile ambacho leo kinanunuliwa kwa 83.

Dai hukubaliwa lini? Ni pale unaposhindwa mambo mawili kati ya sita bila msaada, na hali ikitarajiwa kudumu angalau siku 90: kuoga, kuvaa, kwenda msalani, kujizuia haja, kuinuka kitandani au kitini, na kula. Au akili ikichoka kiasi cha kuhitaji kuangaliwa. Tuliofanya kazi ile tunajua kuoga ndiko kunakotangulia.

Hatua ya 4: Kama tayari umo ndani

Ada ilipanda 2009. Mwaka 2016 ikapanda tena, kwa wastani asilimia 83, na kuna waliofika 126. Kuanzia Januari 2024 wengine wamepandishiwa hadi asilimia 86: aliyekuwa analipa 200 akajikuta 372. Hasira ni haki yako, lakini usikate bima kwa hasira. Unaweza kupunguza kiwango cha siku, kupunguza kinga ya mfumuko, au kufupisha miaka ya kulipiwa. Mimi ningefupisha miaka kwanza, kinga ningeigusa mwisho.

Hatua ya 5: Kama uko nje

Kuna kampuni binafsi, na kuna bima ya maisha yenye kipengele cha utunzaji, ambayo usipoitumia warithi hupata kitu. Ada ya hii ya pili kwa kawaida haipandi, ila inataka fedha nyingi mwanzoni. Zote huuliza afya: aliyepata kiharusi au anayeanza kusahau hukataliwa. Ndiyo maana ukiwa na umri wa miaka hamsini na kitu ni muda mzuri wa kuuliza. Ukiwa na deni la kadi na huna akiba ya miezi mitatu, acha kwanza, lipa deni.

Maswali ya wanachama

*Kaka wa posta, Houston: Nikiacha kazi ya serikali, FLTCIP inakufa?*
Haifi. Ni yako maadamu unalipa. Hakikisha tu malipo yamehamishwa kutoka kwenye mshahara kwenda benki, maana mwezi wa kuhama ndio watu husahau.

*Dada muuguzi, Minneapolis: Nina mpango wa kuzeekea Tanga. Bima ya nini?*
Swali zuri kuliko yote. Medicare kwa kawaida hailipi nje ya Marekani. Bima ya utunzaji inategemea mkataba: nyingine hulipa sehemu, nyingine hazilipi kabisa. Fungua mkataba utafute kifungu cha nje ya nchi. Kama safari ni ya kweli, na si ya kujifariji, fedha za ada zingekufaa zaidi zikienda TSP, akiba ya kustaafu ya watumishi wa serikali kuu. Lakini mwulize mumeo pia, na uangalie wajukuu wanazaliwa wapi. Nimewaona wengi waliojenga nyumba kule, wakaishia kuzeekea huku.

*Mama mstaafu: Si nina watoto wanne?*
Mama, unao, Mungu awalinde. Waulize wote wakiwa mezani pamoja: nani ataacha zamu ya usiku akuogeshe? Akijitokeza mmoja, zungumzeni wengine watamchangia shilingi ngapi. Bima nyingine humlipa hata ndugu, ila mara nyingi hukataa mtu mnayeishi naye nyumba moja.

*Kaka mwingine: Naweza kumwingiza mama yangu aliyeko Mwanza?*
Wazazi wa waajiriwa walikuwa wanaruhusiwa kuomba, lakini mlango ni uleule, umefungwa. Kwa Mwanza, ajiri msaidizi anayejulikana na majirani, mlipe kwa mwezi, na mpe namba ya simu ya shangazi.

*Nimepata bima binafsi ya bei nafuu. Nikate ya zamani leo?*
Subiri. Mkataba mpya uwe umekubaliwa kwa maandishi na upo mkononi, ndipo ukate.