Choa cha paka: tibu mnyama, nyumba na watu kwa pamoja

Paka akianza kunyonyoka juu ya pua, kwenye ncha za masikio au miguu ya mbele, na ngozi iliyobaki wazi ikawa na magamba ya kijivu kama majivu ya mkaa, mshuku choa. Mbwa mara nyingi hutoa duara linaloonekana waziwazi. Paka anaweza kuwa na kipara kidogo tu chenye nywele zilizokatikakatika, na wapo wasio na alama yoyote ambao bado wanaambukiza wenzao na watu. Hapana mnyoo wala mdudu ndani yake. Ni kuvu, na kwa paka mara nyingi ni ile iitwayo Microsporum canis, ambayo chakula chake ni keratini, protini inayojenga nywele, kucha na tabaka la juu la ngozi.

Ninafuga paka hapa Tanga, na watoto wa mtaani hawachoki kuniletea vitoto vya paka wanavyookota vichochoroni. Vitoto ndivyo vinavyoshikwa zaidi, pamoja na paka wazee na wenye manyoya marefu. Kashata, paka wangu wa rangi ya sukari guru, alikuja na kipara kimoja juu ya jicho la kushoto, upana wa sarafu ya shilingi mia.

Usianze dawa kabla ya kuhakikisha. Ukurutu unaoletwa na utitiri nao hunyonyoa, ila paka mwenye ukurutu hujikuna usiku kucha na masikio yake huota magaga mazito. Choa mara nyingi hakiwashi sana. Bwana mifugo alifunga madirisha akammulika Kashata kwa taa ya Wood, inayotoa miale ya urujuanimno. Ngozi haikung'aa, wala magamba. Vilivyong'aa ni vinywele vyenyewe, kimoja kimoja kuanzia shinani, rangi ya kijani ya tufaha bichi. Hata hivyo taa peke yake haitoshi, maana si kila kuvu hung'aa. Kipimo chenye uhakika zaidi ni kuotesha: mswaki mpya kabisa hupitishwa mwili mzima wa paka, kisha nywele na magamba yaliyonaswa huoteshwa maabara. Majibu huweza kuchukua wiki 2 hadi 3. Wakati unasubiri, mtenge.

Sasa niseme yale yanayoniumiza. "Shoga, mpake oili chafu, itakauka yote," jirani aliniambia kwa nia njema kabisa. Paka hujilamba kutwa nzima. Chochote unachompaka ngozini kinaishia tumboni mwake. Oili chafu, mafuta ya taa na maji ya betri humuunguza na kumtia sumu. Whitfield, ile marhamu ya watu, ina asidi mbili ambazo ini la paka haliziwezi. Dawa ya kuogeshea ng'ombe kupe inaweza kumuua. Na krimu zenye betamethasone, ambazo tumezizoea kwa kila kipele, hupoza wekundu huku kuvu ikiendelea kutambaa.

Tiba inayofaa ina sehemu mbili. Dawa ya kumeza huua kuvu iliyoko kwenye shina la nywele. Itraconazole hutumika sana kwa paka, na terbinafine pia. Griseofulvin ni ya zamani, haifai kabisa kwa paka mwenye mimba na inaweza kudhuru uboho. Dozi hupangwa kwa uzito, kwa hiyo usikate kidonge cha binadamu kwa kukisia. Mpeleke akapimwe.

Sehemu ya pili ni kumuogesha mara 2 kwa wiki kwa shampuu yenye klorheksidini na mikonazoli, inayopatikana kwenye duka la dawa za mifugo. Tandika taulo ndani ya beseni ili kucha zipate pa kushika. Paka anayeteleza ndiye anayepigana. Maji yawe vuguvugu. Anzia shingoni kwenda mkiani, uso umfute kwa kitambaa. Povu likae dakika 10, na hizo ni ndefu, basi mviringe kwenye taulo la pili, umkumbatie na kumsemesha. Usimnyoe kwa mashine, kwa kuwa mikwaruzo huifungulia kuvu mlango. Akiwa na manyoya marefu, yapunguze taratibu kwa mkasi.

Sehemu wanayoiruka wengi ni nyumba. Vimbegu vya kuvu vilivyomo kwenye nywele zilizodondoka huweza kukaa hai zaidi ya mwaka. Lakini haviongezeki sakafuni wala ukutani, vinangoja tu, kwa hiyo ukiondoa nywele umeshaondoa sehemu kubwa ya tatizo. Usifagie kwa ufagio mkavu wa chelewa, maana unazirusha juu. Pitisha tambara bichi lenye sabuni kila siku. Kwenye makochi, viringisha salotepu pana mkononi, upande wa gundi nje, ukandamize hadi kitambaa kiwe safi. Matandiko yafuliwe peke yake, mara 2, kisha juani. Ukishasafisha kwa sabuni na kusuuza, ndipo upake Jik: nusu kikombe, yaani mililita 125, kwa lita 4 za maji, ikae dakika 10. Usiichanganye na siki wala sabuni nyingine, na mkojo wa paka uoshe kwanza, kwani mchanganyiko hutoa hewa yenye sumu. Jik isimguse paka.

Kagua kila mnyama wa nyumbani, mbwa na sungura pia. Mtu akitokwa na duara mkononi au shingoni, klotrimazoli ya kupaka kawaida hutosha, mradi asiiache pindi alama inapofifia. Mtoto mwenye mapunye kichwani apelekwe kituo cha afya, kwa kuwa krimu haifiki kwenye mashina ya nywele na atahitaji dawa ya kumeza. Tusimsingizie paka kila mara: mapunye mengi ya watoto hutoka kwa watoto wenzao, kwa kuchangia vitana na mashine za kinyozi. Anayeishi na VVU au anayetibiwa saratani asimuogeshe paka mgonjwa.

Kumtenga si kumfungia kifungoni. Kitoto cha paka hujifunza kuwazoea watu katika wiki zake za mwanzo, na akikaa peke yake wakati huo anaweza kubaki mwoga maisha yote. Chagua chumba chenye sakafu ya saruji au vigae, weka dera moja la kazi hiyo mlangoni, uingie ucheze naye kila siku, ukitoka unawe kwa sabuni.

Manyoya kurudi hakumaanishi amepona. Endelea na dawa hadi vipimo 2 mfululizo vije safi. Pasipo maabara, fuata bwana mifugo atakavyokuelekeza. Mara nyingi kazi huchukua wiki 6 hadi 10. Na paka yeyote mgeni atakayeletwa baadaye, mkalishe peke yake wiki 3 kwanza, umkague masikio, pua na vidole kwenye mwanga wa mchana kabla hajalala na wenzake.