Kuvua sangara kwenye kilindi cha Ziwa Victoria msimu wa upepo wa kusi

Uganda haina majira ya baridi kama ya nchi za kaskazini, kwa kuwa mstari wa ikweta unapita juu ya ziwa lenyewe, lakini kila mvuvi wa Kasenyi, Ggaba, Masese au visiwa vya Ssese anajua kwamba kati ya Juni na Agosti ziwa hubadilika tabia. Upepo mkavu wa kusi-mashariki huvuma siku nyingi mfululizo, maji ya juu hupoa, na sangara, ambaye mialoni (kwenye vituo vya ufukweni vya kupakulia samaki) tunamwita mputa, huhama mahali alipozoeleka. Wengi husema kwamba samaki wamekwisha, wakafunga mitumbwi yao hadi Septemba. Samaki hawajakwisha, wameshuka, nasi hatuna budi kushuka nao.

Sababu ya kushuka kwao inafaa kueleweka vizuri, kwa maana ndiyo itakayokuongoza kila utakapotega. Katika miezi ya joto, maji vuguvugu hukaa juu ya maji yaliyopoa bila kuchanganyika nayo, na yale ya chini huishiwa oksijeni polepole, hasa kuanzia kina cha mita 40 hivi. Sangara huhitaji oksijeni nyingi kuliko samaki wengi wa ziwa hili, kwa hiyo hulazimika kukaa juu ya tabaka hilo. Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021 tuliona sangara wengi waliokufa wakielea kwenye fukwe zetu, na serikali ilieleza kwamba dhoruba zilikuwa zimevuruga maji na kusababisha upungufu wa oksijeni. Kusi hufanya kazi tofauti: hupoza maji ya juu hadi yakawa mazito na kuzama, ziwa likachanganyika toka juu hadi chini, na oksijeni ikafika kwenye vilindi ambavyo kwa miezi mingi havikaliki. Hapo sangara hutawanyika na kufuata uduvi na nkejje, samaki wadogo anaowala, hadi huko chini.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuchagua kina. Ikiwa Februari ulitega kwenye mita 20 au 30, sasa jaribu mita 40 hadi 50, na kwenye vilindi vya nje ya Ssese unaweza kwenda zaidi ya hapo. Usitege zana zako zote kwenye kina kimoja siku ya kwanza, bali gawanya, kisha soma chambo unapoopoa. Chambo kilichorudi kimekufa bila kung'atwa, kwenye ndoana zote za upande mmoja, kinakuambia kwamba maji ya upande ule bado hayana oksijeni ya kutosha. Itazame pia nanga yako: tope jeusi lenye harufu ya yai bovu ni ishara mbaya, na ni heri usogee maji ya kina kidogo zaidi kuliko kungoja.

Kwa uvuvi huu napendelea migonzo, yaani kamba ndefu zenye ndoana nyingi, kuliko nyavu, kwa sababu wavu uliotegwa kwenye mawimbi makubwa hujikunja na kupotea kwa urahisi, nao wavu uliopotea huendelea kuua samaki ambao hakuna atakayewala. Kamba kuu iwe imara, na vikamba vya ndoana viwe na urefu wa mita moja hivi, vikiachana kwa mita tano au sita ili samaki aliyenaswa asivuruge jirani yake. Funga vielea vidogo kila baada ya ndoana kadhaa ili chambo kielee mita moja au mbili juu ya tope, kwani kikilala chini hufukiwa na sangara hakioni. Kamba ya boya ndiyo inayosahauliwa na wengi: iwe ndefu kuliko kina kwa theluthi moja au nusu, yaani mita 67 hivi au 75 kwa maji ya mita 50. Ikiwa fupi, kila wimbi hulivuta boya na boya huivuta nanga, na asubuhi mgonzo wako hautakuwa pale ulipouacha.

Ukubwa wa ndoana ni suala la sheria, lakini kwangu ni suala la dhamiri pia. Ndoana ndogo kuliko namba 9 hairuhusiwi (kumbuka kwamba namba ikipanda ndoana hupungua), na sangara aliye chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa. Watu hujifariji kwamba wakimnasa mdogo watamrudisha majini. Samaki aliyepandishwa haraka kutoka mita 50 hufika juu akiwa na bondo (mfuko wa hewa wa tumboni) lililovimba, na ukimwachia huelea ubavu-ubavu hadi achukuliwe na ndege. Anayetaka kuwaacha wadogo waishi huamua hilo akiwa bado nchi kavu, anapochagua ndoana.

Chambo bora ninachokijua ni kambale mdogo aliye hai, kwa kuwa ni mgumu wa kufa na huendelea kuchezacheza kwenye ndoana kwa saa nyingi. Nunua kwa wafugaji wa samaki, ambao huwatotoa kwa wingi, badala ya kuwakokota vinamasini pamoja na vifaranga wa samaki wengine. Pitisha ndoana kwenye nyama ya mgongo, juu ya uti na si ndani yake, kwani uti ukitobolewa chambo hufa papo hapo.

Sasa nizungumzie upepo, ambao umechukua watu wetu wengi. Upande wa Uganda, mchana wa kusi una nguvu mbili zinazosukuma kuelekea kaskazini kwa pamoja: upepo wa msimu wenyewe na upepo wa kila siku unaotoka ziwani kwenda bara. Usiku bara hupoa, upepo wake mdogo huupinga ule wa kusi, na ziwa hutulia kiasi hadi asubuhi. Panga kazi yako kwa saa hizo. Tega jioni upepo unapolegea, lala kwenye kisiwa kilicho karibu, upande wake wa kaskazini-magharibi ambako mawimbi hayafiki, kisha anza kuopoa mapambazuko ili uwe umefika mwaloni kabla ya saa tano asubuhi. Wakati wa kutega, acha chombo kiende na upepo polepole. Wakati wa kuopoa, anzia mwisho ule ulio chini ya upepo na usonge mbele ukiukabili, ili mtumbwi usipande juu ya kamba yako.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye safari ya kurudi bara, kwa kuwa mawimbi huja kwa nyuma, na boti zetu nyingi zina tezi (sehemu ya nyuma) bapa iliyobeba injini. Julai moja nilichelewa kwa saa mbili tu, kwa tamaa ya kumaliza mgonzo wa mwisho, na maji yakaanza kuingia juu ya injini huku wawili wetu tukikumba kwa makopo bila kupumzika hadi tulipoiona nchi kavu. Tangu siku ile, saa yangu ya kuondoka ikifika huliacha boya mahali lilipo na kurudi kesho yake. Mzigo uwekwe katikati ya chombo, mwendo ulingane na ule wa mawimbi, na yakatwe kwa mshazari badala ya kuyakimbia moja kwa moja. Kila mmoja avae jaketi la kuokolea maisha tangu mwaloni, si kulikalia. Boti iliyo fupi kuliko futi 28 hairuhusiwi kuvua kwenye ziwa hili upande wa Uganda, na ukishaona kilindi wakati wa kusi huhitaji kuelezwa sababu.

Samaki akiingia chomboni, mtie barafuni mara moja, kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, na usidanganywe na ubaridi wa hewa ya asubuhi, kwani maji yenyewe yana nyuzi 24 hivi na nyama huharibika kwa joto hilo. Usimtupe wala kumkanyaga, maana nyama iliyopondeka hukataliwa na wanunuzi wa viwandani.

Septemba upepo unapoanza kulegea na joto kurudi, kiangalie tena chambo cha kwenye mita 50. Siku kitakapoanza kurudi kimekufa bila alama ya jino, pandisha migonzo hadi mita 40, na wiki zinazofuata hadi 30, kwa kuwa sangara naye atakuwa njiani kupanda.