Uganga wa bei ya mwananchi: jinsi ya kuupanga mezani

Mwongozo huu ni kwa anayeendesha Dungeons & Dragons, toleo la 5 (mchezo wa mezani wa kusimulia hadithi na kurusha dadu), kwenye kijiji cha kubuni chenye sura ya Mikindani au Kilwa, pwani ya kusini mwa Tanzania. Lengo ni wanakijiji waufikie uganga bila uganga huo kuharibu uchumi wa mchezo.

Hatua ya 1: anza na kibarua. Kwa sheria za mchezo hulipwa sarafu 2 za fedha kwa siku. Chupa ya dawa ya kuponya ni sarafu 50 za dhahabu, yaani fedha 500: siku 250 za jembe bila kula! Lakini ukishusha bei hadi fedha 5, hakuna jeraha litakalomtisha mtu, na wachezaji watajaza mikoba.

Hatua ya 2: bei iache, badili mnunuzi. Kaya 50 zikichanga fedha 10 kila moja, chupa imepatikana. Chama cha msingi cha ushirika kinaifungia sandukuni. Mwanakijiji ana pointi 4 za uhai. Chupa hurudisha jumla ya dadu 2 za pande 4, ongeza 2. Hata dadu zote zikiangukia 1, amepona kabisa. Ugomvi basi ni nani anastahili, kwa hiyo amua mapema ufunguo anashika nani.

Hatua ya 3: mweke mganga mdogo mwenye matamko ya uganga yasiyoisha, yaani anayoweza kuyarudia bila kikomo. La kuunga vilivyochanika huchukua dakika 1, kwa mpasuko mmoja usiozidi futi 1. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: kwa saa moja anaziba matundu 60 ya nyavu, na fundi wa nyavu pale ufukweni amekosa kazi bila mwendesha mchezo kugundua. Mganga ahudumie vijiji vitatu, afike siku ya gulio tu. Wavu uliochanika toka juu hadi chini bado ni wa fundi, maana tamko haliufikii.

Hatua ya 4: mkopo. Mchezaji wa Newala au Nachingwea, kunakolimwa korosho, hahitaji kuelezwa kangomba, yaani kumkopesha mkulima na kudai korosho zake kabla hazijavunwa. Mganga anatibu mtoto mwezi Machi, anadai korosho za Oktoba kwa kipimo chake mwenyewe. Andika deni kwa magunia, usiandike kwa dhahabu. Msimu ukifika, rusha dadu ya pande 20: 1 hadi 5, ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, umekausha maua na deni linavuka mwaka. Likivuka mara ya pili, mganga anakuja na wapambe kudai mikorosho yenyewe, na hapo kikosi cha wachezaji kimepata kazi.