Orodha ya michango isivurugike kwenye WhatsApp

Kundi la msiba au harusi huharibikia kwenye orodha ya michango. Kila mtu ananakili, anaongeza jina lake, anarusha tena. Wawili wakirusha kwa pamoja, mmoja anapotea: mtu katoa 20,000 yake, jina halipo, na maneno yanaanza hapo hapo.

Orodha aishike mweka hazina peke yake. Ukishatuma hela, mpelekee ujumbe wa muamala, uwe wa M-Pesa au Airtel Money. Yeye aandike jina, kiasi na namba ya muamala, kisha aibandike (pin) orodha mpya juu kabisa ya kundi. WhatsApp inaruhusu kubandika hadi siku 30. Orodha za zamani azifute, hata zilizorushwa na wengine, mradi awe admini. Na wewe, kabla hujaurusha ujumbe wa muamala, nakili kisha ondoa sehemu ya salio. Ukoo mzima hauna haja ya kujua umebakiwa na ngapi, sembuse matapeli.

Wenye simu za kitochi wapigiwe jioni wasomewe orodha. SMS ndefu wazee wengi hawazimalizi.