Timu haivushi mipira? Tenganisha nyumbani na ugenini
Mnaofuatilia besiboli ya Marekani, kabla hamjawasema wapigaji kwamba hawana nguvu, hesabuni mipira waliyopiga ikavuka ukuta wa uwanja (home run) ugenini, kisha ya nyumbani. Ya ugenini ikizidi sana, mchawi ni uwanja. Mfano San Francisco, nyumbani kwa timu ya Giants: hewa ya bahari ni baridi na nzito, mpira unafia njiani, na ukuta wa kulia una kimo cha mita 7 na ushee. Baada ya mpigaji wao Barry Bonds kuvusha 45 mwaka 2004, ilipita misimu 20 bila mchezaji wa Giants kufikisha hata 30! Hesabu hii inadanganya msimu ukiwa mchanga, au timu ikiwa ndiyo kwanza imetoka Denver, mita 1,600 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi na hata mpira wa kubahatisha unapaa.