Mradi Ukifungwa, Mtandao wa Wataalamu wa Majanga Usife Nao

Anzeni makabidhiano miezi 12 kabla fedha hazijakoma. Posho ikikatika watu hununa tu. Kinachoua mtandao hasa ni uhamisho. Daktari wa mifugo anayekijua kimeta, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza na watu, anahamia mkoa mwingine, na namba yake inabaki kwenye orodha kama vile bado yupo Monduli, Tanzania.

Kwa hiyo orodhesheni vyeo, kila kimoja na watu 2: mwenyewe na anayekaimu. Msisahau Zimamoto, mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa, maabara ya KCMC (hospitali ya rufaa iliyoko Moshi), Mkemia Mkuu wa Serikali kwa kemikali, Tume ya Nguvu za Atomiki kwa mionzi, na mamlaka ya viuatilifu pale Ngaramtoni kwa sumu za mashambani. Simu ya zamu iwe na laini iliyosajiliwa kwa jina la ofisi. Laini isiyotumika hufungwa, basi kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi pigeni namba zote. Asiyepokea mara 2, atafutwe mrithi wake wiki hiyohiyo.

Kundi la WhatsApp liwe na wasimamizi 3 wa ofisi tofauti, kwa sababu mara nyingi msimamizi pekee ni mwajiriwa wa mradi, naye ndiye wa kwanza kuondoka. Majina ya wagonjwa yasiwekwe humo. Miongozo pakueni sasa, kabla tovuti ya mradi haijazimwa, na nakala moja ichapishwe.

Fedha: mwaka wa serikali huanza Julai 1, hivyo ombi lifike halmashauri bajeti ikiwa bado inaandaliwa. Msiandike "kuendeleza mtandao". Mhasibu hana kifungu cha hilo. Andikeni vocha za simu, glovu, vyombo vya sampuli, mafuta, na uhakiki wa kipima mionzi. Kipima mionzi ambacho hakijahakikiwa bado huonyesha namba, na watu huiamini.

Vikao vipya vya nini? Ombeni dakika 60 kila robo mwaka ndani ya kamati ya maafa ya wilaya, ambayo ipo kwa Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya 2022, mfanye zoezi la mezani: mnasomewa tukio la kubuni, kila mmoja anasema angefanya nini. Kadi 4 za tukio, kila moja dakika 15. Ya kwanza: ng'ombe 3 wamekufa ghafla, damu nyeusi isiyoganda inatoka puani, na mmoja ameshachunwa. (Mzoga wa namna hiyo haupasuliwi: vimelea vikipata hewa hujigeuza mbegu ngumu zinazokaa ardhini miaka mingi.) Ya pili: mchunaji yuko zahanati, ana kidonda cheusi mkononi. Ya tatu: nyama imefika mnadani. Ya nne: sampuli inatakiwa Moshi leo, gari la halmashauri liko gereji.

Katibu asiandike hotuba. Aandike pale kimya kilipotanda, swali lililokuwa mezani, na cheo ambacho kilipaswa kujibu. Robo ijayo mnaanzia hapo.